Usikichomoe: huduma ya kwanza kwa mbwa au paka aliyetobolewa

Mbwa ameruka ukuta uliopandwa vipande vya chupa kwa juu, kama zilivyo kuta nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, akarudi nyumbani na tundu moja ubavuni. Damu imetoka kidogo na imeshagandia kwenye manyoya. Anatikisa mkia, maji amekunywa, hata mkate kaupokea. Mwenye mbwa anashusha pumzi: si kitu, kitapona chenyewe. Kesho yake asubuhi mbwa hasimami, ufizi umekuwa mweupe, na kila pumzi anaivuta kwa kukaza tumbo.

Madaktari wa mifugo wanavijua visa vya namna hii, na wengi watakwambia wanaliogopa tundu dogo kuliko mkato mrefu. Mkato wa panga unatisha, lakini umekaa wazi: unaona ulipoanzia, ulipoishia na kina chake. Jeraha la tundu linaficha. Msumari, mwiba, mshale, ncha ya geti, jino la mbwa mwingine au la ngiri, vyote hivyo huingia kwa njia nyembamba. Tena ngozi ya mbwa na paka ni legevu, inateleza juu ya nyama. Kitu kikishatoka, ngozi hurudi mahali pake, na tundu la nje halikai tena juu ya tundu la ndani. Unaweza kulitazama jeraha kwa tochi usione chochote, kumbe chini yake kuna msuli uliochanika, utumbo uliotoboka, au pafu linalosinyaa polepole.

Ndiyo maana huduma ya kwanza hapa haina lengo la kutibu. Kazi yako ni kumfikisha mnyama kwa daktari akiwa na damu yake, akiwa anapumua, na kile kilichomchoma kikiwa hakijasogea. Mengine yote ni ya huyo anayengojea kule.

Anza na meno yake

Mbwa mwenye maumivu makali huuma, hata aliyelelewa na watoto wa nyumba hiyo. Hakukuchukia, ameguswa panapouma. Kabla ya kushika jeraha, mfunge mdomo kwa bandeji au utepe uliochanwa kwenye kanga kuukuu: zungusha juu ya pua, pitisha chini ya taya, kisha funga nyuma ya masikio. Usimfunge anayehema kwa shida, anayetapika, aliyeumia mdomoni, wala mbwa wa pua fupi. Kwa mbwa kama huyo, msaidizi amshike kichwa kwa taulo nene. Paka hafungwi mdomo, anaviringishwa kwenye taulo au kanga hadi shingoni, ukiacha wazi sehemu yenye jeraha tu. Kama unazo glavu, zivae. Kama huna, mfuko safi wa plastiki mkononi unafaa, na sababu yake tutaikuta tukifika kwenye kichaa cha mbwa.

Kitu kilichozama

Mkono wa mtu yeyote hutaka kuchomoa. Kijiti kimechoma tumbo, nondo imeingia kwenye paja, mshale umesimama begani: inaonekana ni ukatili kuviacha. Lakini kitu kilichozama mara nyingi ndicho kinachouziba mshipa kilioukata. Ukikivuta, umeondoa kizibo, na damu iliyokuwa imetulia inafunguka ndani usikoweza kuifikia kwa kidole. Zaidi ya hapo, chuma chenye kutu au mti wenye mabanzi huchana kikirudi kuliko kilivyochana kikiingia, na vipande hukatikia ndani.

Kwa hiyo kiache. Weka vitambaa vilivyokunjwa kuzunguka pande zake zote, kisha funga bandeji kwa namna ya kukishikilia kisitikisike, bila kukikandamiza kwenda ndani. Kama ni kirefu kiasi kwamba mnyama hawezi kubebwa, kinaweza kukatwa, mradi mtu mmoja akishike imara karibu na ngozi wakati mwingine anakata, na kipande cha kutosha kibaki nje ili daktari apate pa kushika. Mbwa aliyenasa kwenye ncha za geti hanyanyuliwi kwa pupa. Kwanza mshikilieni uzito wake kwa chini ili asizidi kuzama, halafu mmoja wenu amtafute fundi mwenye msumeno wa chuma.

Mwiba wa mgunga kwenye wayo au kipande kidogo cha kioo ambacho nusu yake iko nje hakistahili safari ya kilomita arobaini. Kitoe kwa kibano, osha, tazama kesho. Sheria ya kutochomoa inahusu vitu vilivyozama kwenye kifua, tumbo, shingo, kichwa na jicho, au vilivyoingia kwenye mguu kwa kina usichokijua. Jicho hasa lisiguswe kabisa. Zuia tu mnyama asilikune.

Damu, na paka asiyekuwa nayo nyingi

Watu hukadiria damu kwa macho ya binadamu, na hapo ndipo wanapokosea kwa paka. Paka ana wastani wa mililita 55 hadi 60 za damu kwa kila kilo ya uzito wake. Damu ya paka wa kilo 4 haijazi hata chupa ya soda ya mililita 300. Robo ya damu hiyo, kiasi cha kumwingiza kwenye mshtuko wa mwili, ni kama vijiko vinne vya mezani, na hivyo vinaweza kumwagika juu ya taulo usidhani kuna kubwa lililotokea. Mbwa ana mililita 80 hadi 90 kwa kilo, kwa hiyo wa kilo 15 anabeba kama lita moja na robo.

Damu huzuiwa kwa kubonyeza. Chukua shashi au kitambaa safi cha pamba, kiweke juu ya jeraha, bonyeza kwa kiganja kwa dakika 5 hadi 10 bila kufunua. Hapo kwenye kutofunua ndipo wengi wanaposhindwa: kila baada ya nusu dakika wanachungulia, na kila wakichungulia wanabandua damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, cha chini usikitoe. Kama kuna kitu kilichozama, bonyeza pembeni mwake, kamwe usibonyeze juu yake.

Kuufunga mguu kwa kamba au ukanda wa mpira wa tairi ni jambo la mwisho kabisa, pale damu inaporuka kwa mapigo na kubonyeza kumeshindikana. Tumia kitambaa kipana, si kamba nyembamba, andika saa uliyofunga, na uwe njiani tayari. Mguu uliofungwa kwa kamba ya katani tangu asubuhi hadi jioni unaweza kuishia kukatwa kwa sababu ya kamba yenyewe.

Kwa damu inayovuja ndani usikoiona, tazama ufizi. Wa mnyama mwenye afya ni wa waridi. Ubonyeze kwa kidole uwe mweupe, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ukibaki mweupe au wa kijivu, ukawa wa baridi, na mapigo ya moyo yanakwenda mbio, damu inavuja mahali ndani. Ukiwa na rangi ya samawati, tatizo ni hewa. Kuna mbwa wenye ufizi mweusi kwa asili. Kwao vuta chini kope la jicho uangalie utando wa ndani.

Kifua na tumbo havifanani

Mapafu hukaa yametanuka kwa sababu nafasi inayoyazunguka ndani ya kifua haina hewa. Tundu likifunguka kwenye ubavu, kila mnyama anapovuta pumzi hewa huingia kupitia tundu hilo badala ya puani, inajikusanya nje ya pafu na kulibana. Kwa mbwa na paka ukuta unaotenganisha pande mbili za kifua ni mwembamba, kwa hiyo mara nyingi hewa haibaki upande mmoja. Utasikia mlio wa kufyonza, au utaona mapovu ya damu mdomoni mwa jeraha.

Tundu la kifua linazibwa mara moja, tena kwa kitu kisichopitisha hewa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2019, Kenya ilitangulia 2017, lakini karatasi ya plastiki iliyofungiwa mkate bado iko kwenye kila jiko na inatosha. Kata kipande kikubwa kuliko tundu, paka mafuta ya mgando kidogo ili kishike kwenye manyoya, kibandike, kisha funga bandeji kuzunguka kifua bila kubana mbavu. Baada ya hapo mtazame. Kama pumzi inazidi kuwa ngumu, huenda hewa inavuja kutoka pafuni na sasa haina pa kutokea: inua ukingo mmoja itoke, halafu rudisha. Mwache akae vile anavyotaka mwenyewe. Wengi watalala kifudifudi au watakaa wameinua shingo, na kuwageuza chali ni kuwamaliza.

Tumbo lina hatari inayochelewa. Msumari uliotoboa utumbo hausababishi damu nyingi, ila kilichomo ndani ya utumbo huanza kuvuja. Mnyama anaweza kutembea siku nzima, na kesho au keshokutwa anaanza kutapika, tumbo linakuwa gumu, homa inapanda juu ya nyuzi 39 na nusu. Wakati huo operesheni iliyokuwa rahisi imeshakuwa ya kubahatisha. Tundu lolote la tumbo, hata la ukubwa wa punje ya mtama, linahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Utumbo ukiwa umetoka nje, usiurudishe. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha zungusha kanga tumboni kushikilia yote hayo. Mwangalie kichwa muda wote. Mbwa huramba kinachotokeza, na asipozuiwa huanza kukitafuna. Ni jambo baya kuliandika, lakini hutokea.

Mwenye tundu la kifua au la tumbo asipewe chakula wala maji, kwani huenda ndani ya saa moja akahitaji dawa ya usingizi.

Jino la mwenzake

Kwa idadi, majeraha mengi ya tundu kwa wanyama wa nyumbani hapa kwetu hayatokani na mshale wala nondo. Yanatokana na kuumwa. Mbwa mkubwa akimkamata mdogo hamwachii, anamtikisa. Nje hubaki matundu mawili au manne, na chini ya ngozi msuli umebanduka, pengine mbavu zimevunjika. Daktari akinyoa manyoya na kupasua kidogo huwa anakuta eneo lililoumia ni mara nyingi zaidi ya lile alilooneshwa, kwa hiyo usishangae akikwambia anataka kufungua jeraha lililokuwa dogo.

Paka wana shida tofauti. Jino la paka ni jembamba na lenye ncha kali. Linapandikiza bakteria wa mdomoni, hasa Pasteurella, ndani kabisa ya nyama, na ngozi inaziba juu yake siku hiyo hiyo. Baada ya siku mbili hadi tano unaona jipu shavuni, mguuni au karibu na shina la mkia, na paka hali chakula. Paka aliyerudi alfajiri na manyoya yaliyong'olewa basi apapaswe mwili mzima kwa vidole, si kwa macho, na apelekwe mapema. Antibiotiki ikianza kabla usaha haujajikusanya, mara nyingi jipu halitokei.

Halafu kuna kichaa cha mbwa. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa ugonjwa huu hutokana na mbwa, na mate ya aliyeuma yanaweza kuwa bado mabichi kwenye manyoya ya mbwa wako unapomshika. Ndiyo sababu ya glavu. Mate hayo yakigusa mchubuko wako, au mbwa wako mwenyewe akikung'ata kwa maumivu, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali ya binadamu siku hiyo wakakuamulie kuhusu chanjo. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hauna tiba. Mbwa wako aliyeumwa, kama ulikwisha mchanja, anahitaji sindano ya kuongeza kinga upesi na kuwekwa chini ya uangalizi. Ambaye hajachanjwa, daktari wa mifugo wa serikali ndiye mwenye kusema. Kama mbwa aliyeuma anajulikana, asipigwe mawe. Afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, maana afya yake katika siku hizo ndiyo itakayowaambia mliomgusa mko wapi.

Pepopunda, ambayo wengi huiulizia kwanza wakiona msumari wenye kutu, kwa mbwa ni nadra, na kwa paka nadra zaidi, kwa kuwa miili yao inastahimili sumu yake kuliko yetu. Wewe uliyechomwa na msumari huo huo wakati ukimnasua ndiye unayepaswa kwenda kuchomwa sindano.

Kuosha au kutoosha

Ushauri hapa hugongana kwa sababu watu wanazungumzia majeraha mawili tofauti. Tundu la mguu, la shavu au la mgongo, ambalo damu imekwisha simama, lioshwe kwa maji mengi ya chumvi au hata ya bomba, kwa bomba la sindano lisilo na sindano yake. Kadiri unavyowahi ndivyo wadudu wanavyopungua. Hufundishwa kwamba muda wa saa sita za mwanzo ndio wenye faida kubwa. Tundu la kifua na la tumbo halitiwi maji. Unafunika na kuondoka.

Dawa ya iodini inafaa, ikizimuliwa hadi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Spiriti, haidrojeni peroksaidi na Dettol isiyozimuliwa huua wadudu na kuua pia nyama hai iliyotakiwa kuziba jeraha. Dettol kwa paka ni sumu hasa, kwa kuwa ataramba. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, majivu, unga wa kahawa: vyote nimeviona vikipakwa kwa nia njema, na vyote humpa daktari kazi ya kwanza ya kusafisha kabla hajaanza kazi yake. Ile dawa ya bluu ya kupuliza inayouzwa kwenye maduka ya mifugo ni nzuri kwa mchubuko wa juu. Ukiipuliza ndani ya tundu lenye kina umepaka rangi tu, na daktari haoni tena nyama iliyo hai na iliyokufa. Kuhusu nzi, kitambaa safi kinatosha, na kiwekwe mapema, kwa sababu mayai yao huweza kuwa funza ndani ya siku moja.

Dawa za maumivu za watu zibaki kabatini. Kidonge kimoja cha Panadol cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake halina njia ya kutosha ya kuivunja dawa hiyo. Diclofenac na ibuprofen hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na aspirini huzuia damu kuganda, kitu cha mwisho unachokitaka hapa.

Kwa wenye mbwa wa kijijini na nungunungu

Nungunungu harushi miba. Hugeuka, akarudi kinyumenyume kwa kasi, na mbwa anakutana nayo usoni na kifuani. Wanaosoma ushauri kutoka Marekani hukuta maonyo juu ya vishikizo vidogo vilivyo kwenye miba ya nungunungu wa huko. Wa Afrika hana vishikizo hivyo, miba yake hutoka kwa urahisi zaidi, lakini ni mirefu na migumu na inaweza kupenya hadi kwenye mapafu. Kuikata ili eti itoe upepo hakusaidii kitu. Unapunguza tu mahali pa kushika. Miwili mitatu iliyoingia juujuu mguuni, na daktari yuko mbali, inaweza kushikwa kwa plaizi karibu na ngozi na kuvutwa moja kwa moja kufuata mwelekeo ilioingilia. Ya kifuani, shingoni, tumboni na karibu na jicho ingoje. Mbwa mwenye miba ishirini mdomoni anahitaji dawa ya usingizi, na hapo ushujaa wa mwenye mbwa haubadilishi kitu.

Njiani

Piga simu kabla ya kutoka. Hospitali za wanyama za kufundishia zipo, kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, au ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoko Kabete, ila wengi hatuishi karibu nazo, na afisa mifugo wa wilaya huenda yuko zizini kwa mtu kilomita ishirini kutoka ofisini. Huyo naye, japo siku nyingi anashughulika na ng'ombe, anaweza kumwekea maji ya mshipani, antibiotiki na dawa salama ya maumivu, na hayo yakamvusha mnyama hadi mjini.

Mbwa mkubwa mbebeni kwenye ubao au blanketi lililovutwa pembe nne. Bajaji ni bora kuliko bodaboda, ambako mtu hulazimika kumkumbatia mbwa kwa kumbana kifua. Paka awe ndani ya boksi lenye matundu. Mfunike asipate baridi, kwa kuwa mnyama aliyepoteza damu hupoteza joto upesi. Daktari atataka kujua saa tukio lilipotokea, kitu kilichochoma (kama kimetoka, nenda nacho), chanjo ya mwisho ya kichaa, na kila ulichompaka au kumpa, hata ukiona aibu kukitaja.

Mara nyingi mnyama atarudi nyumbani na jeraha lililoachwa wazi, au lenye mrija laini unaotokeza chini yake. Wenye wanyama hulalamika kwamba daktari hakumaliza kazi. Jeraha la tundu likishonwa likaziba kabisa, uchafu uliobaki ndani hugeuka usaha, kwa hiyo mrija umewekwa makusudi na utadondosha majimaji ya rangi ya damu nyepesi kwa siku tatu hadi tano. Mfute sehemu ya chini kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku, mvalishe kola asiung'oe kwa meno, na umrudishe kabla ya siku uliyopangiwa ikiwa majimaji hayo yamekuwa mazito, yananuka, au ameacha kula.